Siri ya Wanaume Isiyofaa Kuwa Siri

Ndugu msomaji, yapo mambo ambayo mtu mzima huyasema barazani kwa sauti kubwa, yapo ambayo humnong'oneza mkewe, na yapo ya aina ya tatu ambayo hauambii hata mto anaolalia. Leo nimekusudia kuandika habari za aina hiyo ya tatu. Ukurasa huu ni wa familia, na jambo nitakalolieleza limekwisha ingia katika nyumba nyingi bila ya kubisha hodi. Kama wewe u kijana, usiuruke ukurasa huu ukadhani ni wa wazee peke yao, kwani huenda baba yako analo, naye anakuficha.

Mwaka 2019, nikiwa na umri wa miaka 66, nilipasuliwa na kuondolewa tezi dume yote kwa sababu ya saratani. Nilikwenda hospitali kwa kuwa nilikuwa nikiamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, nikidhani ni uzee tu. Nikapimwa damu kwa kile kipimo kiitwacho PSA, kisha vikachukuliwa vinyama kutoka kwenye tezi, na baada ya majuma kadhaa nikaambiwa kwamba saratani ipo, ila ingali ndani ya tezi yenyewe na bado haijatambaa. Daktari alinishauri upasuaji, nami nikakubali. Namshukuru Mwenyezi Mungu na namshukuru daktari yule, maana leo hii ninaandika maneno haya nikiwa hai.

Lakini kupona saratani ni jambo moja, na kurudi kuwa mtu katikati ya watu ni jambo jingine. Baada ya upasuaji nilikaa na mpira wa mkojo kwa siku 14. Siku ulipotolewa niliterema kitandani kwa furaha, na kabla sijavaa ndara zangu, sakafu ilikuwa imelowa. Sikuwa nimehisi haja yoyote. Mkojo ulishuka wenyewe, kama maji ya mtungi wenye ufa. Nilipouliza, niliambiwa neno moja tu, "Itakwisha, mzee," nikapewa karatasi ya kurudi baada ya majuma sita. Hakuna aliyenieleza kwa nini jambo hilo limetokea, wala ni lipi la kufanya.

Nikarudi nyumbani Tanga na aibu yangu. Nikikohoa, nalowa. Nikipiga chafya, nalowa. Nikiinuka kitini, nikiinua ndoo, hata nikicheka, nalowa. Asubuhi nilikuwa na nafuu kidogo, lakini kufika alasiri mwili ulikuwa umechoka na mambo yanaharibika. Nilianza kuvaa vitambaa, kisha nikamtuma kijana wa jirani aninunulie pedi za watu wazima, nikamdanganya kwamba ni za mgonjwa wa ukoo.

Hapo ndipo nilipoanza kujifungia. Mimi niliyekuwa katika safu ya kwanza msikitini kwa miaka mingi, nikawa nasali chumbani, tena kwa wasiwasi, maana mkojo ni najisi nami sikujua kama udhu wangu umesimama. Kahawa ya barazani nikaiacha. Usiku nilitandika mkeka chini, nikamwambia mke wangu kwamba godoro linaniumiza mgongo. Tena nikafanya ujinga mkubwa kuliko wote: nikaacha kunywa maji, nikidhani kwamba kisichoingia hakitatoka. Matokeo yake mkojo ukawa mzito na wa kuunguza, kibofu kikazidi kuwashwa na kutaka kumwaga kila saa, na choo kikawa kigumu.

Msomaji, mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 34. Mwaka 1973, nikiwa kijana mbichi, nilikuwa mmoja wa wale walioongoza vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo ilifikia watu wazima wapatao milioni mbili nchini Tanzania. Tulikaa chini ya miembe na wazee wetu, tukazungumza habari za kuhara, za kichocho na za kuchimba vyoo, wala hapana aliyeona haya. Basi nilijiuliza usiku mmoja nikiwa juu ya mkeka wangu: mimi niliyewafundisha wazee kutaja choo mbele ya hadhara, leo nashindwa kumtajia mke wangu tone la mkojo? Nikajijibu kwamba ndiyo, nashindwa. Na kushindwa kwangu nusura kuniondolee heshima kubwa ambayo baba hupewa.

Binti yetu wa mwisho alikuwa amechumbiwa, na nikahi ilipangwa mwezi wa Desemba, miezi minne baada ya upasuaji wangu. Mimi ndimi walii wake. Ni mimi niliyetakiwa kukaa mbele ya kadhi na mashahidi, nimshike bwana harusi mkono na kumwozesha. Siku moja baada ya chakula nikamwambia mke wangu kwamba nimeona vyema ndugu yangu mdogo awe wakili wangu, kwani mimi bado sijapata nguvu.

Mke wangu alinyamaza kitambo, akikusanya sahani. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi ndiye ninayefua humu ndani. Unadhani sijui? Nimekungoja miezi miwili uniambie. Kama huendi hospitali kwa ajili yangu, nenda kwa ajili ya mtoto. Hataozeshwa na ami yake ilhali baba yake yu hai, amejificha chumbani."

Sikuwa na la kujibu. Kesho yake tukafuatana naye hadi idara ya mazoezi ya viungo. Tukapokewa na kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akasema, akafunga mlango. Nilipomweleza shida yangu hakucheka wala hakushangaa. Alichukua karatasi akachora, nami nitajaribu kukuchorea hapa kwa maneno.

Tezi dume hukaa chini ya kibofu cha mkojo, nayo huuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Katika mwili wa mwanamume pana vilango viwili vinavyozuia mkojo. Cha kwanza kipo shingoni mwa kibofu, nacho hufanya kazi chenyewe bila ya sisi kukiamuru. Cha pili kipo chini ya tezi, nacho hushirikiana na misuli ya sakafu ya nyonga, ile misuli iliyotandazwa kama machela toka mfupa wa kinena mbele hadi mfupa wa kifandugu nyuma. Tezi inapoondolewa, kilango cha kwanza huharibika au huondoka nayo. Kazi yote hubakia kwa kile cha pili, ambacho maisha yake yote kilikuwa msaidizi tu, na pengine nacho kimechoshwa na upasuaji.

"Mzee," akaniambia, "mlinzi wako mkuu amestaafu. Aliyebaki ni yule wa zamu ya usiku, naye hajazoea kazi ya mchana. Hatuna budi kumfundisha."

Akanifundisha, nami nakupa mafunzo yale kama nilivyoyapokea. Mosi, mtu ajue misuli yenyewe iko wapi. Lala chali ukunje magoti. Fanya kana kwamba unazuia upepo usikutoke mbele ya watu, na wakati uo huo kana kwamba unauvuta uume uingie ndani ya mwili. Ukifanya sawasawa, utahisi njia ya haja kubwa ikibana na kupanda juu, na ukijitazama utaona shina la uume likivutika ndani kidogo na korodani zikiinuka. Hiyo ndiyo misuli inayotakiwa.

Pili, bana na uhesabu polepole hadi tatu au tano, kisha legeza kabisa na upumzike kwa kadiri ile ile. Kulegeza nako ni sehemu ya zoezi, usikufanyie haraka. Kadiri siku zinavyokwenda, ongeza hadi ufike hesabu ya kumi. Fanya mara kumi. Baada ya hapo, bana na kuachia upesi upesi mara kumi nyingine, maana chafya haikupi muda wa kujitayarisha. Fanya hivyo mara tatu kwa siku: kwanza ukiwa umelala, ukishazoea ukiwa umeketi, na hatimaye ukiwa umesimama, kwa kuwa ni katika kusimama ndipo mkojo unapoponyoka.

Tatu, yapo makosa ya kuepuka. Usizuie pumzi, bali pumua na kuhesabu kwa sauti. Usikaze makalio, wala mapaja, wala tumbo, maana ukikaza tumbo unakisukuma kibofu chini na kuongeza balaa. Usifanye mazoezi haya wakati mpira wa mkojo ungali ndani. Wala usijizoeze kwa kukatiza mkojo kila uendapo haja, kwani kibofu kinaweza kujifunza kutomaliza kumwaga.

Nilipokuwa nikijaribu pale kitandani, uso umenitoka jasho kwa kukaza kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa, nikasikia mke wangu akicheka nyuma ya pazia. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya upasuaji. "Haya ndiyo mazoezi?" akauliza. "Haya si ndiyo tuliyofundishwa kliniki baada ya kujifungua? Na kabla ya kliniki, yalikuwako kwa makungwi!"

Yule kijana akakiri kwamba mama amesema kweli. Mazoezi haya katika tiba ya kisasa yanajulikana zaidi kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa Marekani, ambaye mwaka 1948 alichapisha makala juu ya kuwatibu wanawake waliolegea misuli hiyo baada ya kuzaa. Wanaume tumeyapokea kutoka kwa wanawake.

Jioni ile tulipofika nyumbani mke wangu aliniambia jambo ambalo hakuwa amenitajia katika miaka 38 ya ndoa. Tangu alipomzaa mtoto wetu wa nne, kila akipiga chafya au akibeba ndoo kichwani, alikuwa akilowa. Alijifunza kuvaa kanga mbili na kufua alfajiri, kabla sijaamka. "Nilidhani ndiyo ada ya uzazi," akasema, "nami sikutaka unione nimechakaa." Msomaji, nilijihisi mdogo kuliko sisimizi. Mimi nilikuwa nimejizika mzima kwa aibu ya miezi miwili, na mwenzangu aliibeba ile ile kwa zaidi ya miaka 25 huku akinipikia, akinilelea watoto na kunicheka nilipokuwa na mafua. Tangu siku hiyo nikaurudisha mkeka darini, na mazoezi tukayafanya wawili, kila mmoja akimhesabia mwenzake.

Ili nisisahau, niliyafunga na sala: baada ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri na baada ya Isha, nikisha kumaliza nyiradi zangu. Asiyesali ayafunge na chai ya asubuhi, chakula cha mchana na taarifa ya habari ya jioni. La maana ni kwamba yawe na saa yake. Nikajifunza pia kubana kabla ya jambo lenyewe: kabla ya kukohoa nabana, kabla ya kuinuka kitini nabana, kabla ya kuinua ndoo nabana. Nikarudia kunywa maji kama kawaida, nikapunguza chai ya rangi na kahawa kwa sababu huchochea kibofu, nikala mapapai na mboga za majani ili choo kisiwe kigumu, kwani kujikamua chooni huichosha misuli ile ile tunayoitibu. Mwenye kuvuta sigara naye aache, maana kikohozi chake ni adui wa kilango chake.

Habari ya sala nilimwuliza shehe wetu, faraghani. Naye aliniambia kwamba sheria imekwisha kumfikiria mtu kama mimi karne nyingi kabla sijazaliwa: asiyeweza kuuzuia mkojo ana udhuru. Wakati wa sala ukiingia ajisafishe, aweke kitambaa au pedi safi, atawadhe na kusali bila ya kukawia, afanye hivyo kwa kila sala ya faradhi, na kitakachotoka baada ya hapo hakitamdhuru. Msikitini pia anaruhusiwa, maadamu hauchafui. "Ungaliniuliza mapema," akasema, "usingalikosa hata Ijumaa moja." Kumbe mlango ulikuwa wazi, ni mimi niliyeurudisha.

Siku ya nikahi ikafika. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nimepona. Miezi miwili ya mazoezi ilikuwa imenishusha kutoka pedi tano kwa siku hadi mbili. Nilivaa kanzu nyeupe, na mke wangu aliitazama kwa nyuma mara tatu kabla ya kuniruhusu kutoka. Niliketi juu ya mkeka, nikamshika kijana wa watu mkono, nikatamka maneno ya kumwoza binti yangu kwa ulimi wangu mwenyewe. Ilipofika wakati wa kuinuka, watu wakiwa wamejaa mbele na nyuma, nikabana kwanza, nikapumua, kisha nikasimama. Matone mawili matatu yalitoka na pedi ikayapokea. Hapana aliyejua ila mimi, na mke wangu aliyekuwa akichungulia toka upande wa akina mama. Nilipompa ishara ya kichwa, alijifuta machozi, na wageni wakadhani analilia binti.

Sasa niseme kweli yote, maana gazeti si mahali pa kuuza dawa za miujiza. Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Huko Ubelgiji, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, walichukuliwa wanaume 102 waliopasuliwa kama mimi. Baada ya miezi mitatu, katika kundi lililofundishwa mazoezi, asilimia 88 walikuwa wamekauka, na katika kundi jingine asilimia 56. Lakini huko Uingereza, mwaka 2011, uchunguzi wa wanaume zaidi ya 400 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, waliofundishwa ana kwa ana na mtaalamu na wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu sawa: kama robo tatu ya kila kundi walikuwa wangali wakivuja, japo kidogo. Wengi katika kundi hilo la pili nao walikuwa wakifanya mazoezi kwa njia zao. Mimi nayasoma mambo haya hivi: wakati ni tabibu, na mazoezi huweza kumharakisha, lakini hapana anayeweza kukuahidi siku. Wengi hupata nafuu kubwa kati ya miezi mitatu na mwaka, na wengine huendelea kupata nafuu hata baada ya hapo. Basi asiyeona matunda baada ya juma moja asiyatupe mazoezi, na ambaye mwaka umepita angali analowa sana asijilaumu kuwa ni mvivu. Arudi kwa daktari. Upo upasuaji wa kuweka mkanda wa kuuinua mrija wa mkojo, na kipo kilango cha kutengenezwa, ambacho madaktari wa Houston, Marekani, walianza kukipandikiza katika miaka ya 1970. Tena asingoje hata siku moja anayeshindwa kabisa kukojoa, anayetoa mabonge ya damu, au mwenye homa na maumivu.

Mimi mwenyewe nilikauka mwezi wa kumi. Hata leo, nikichoka sana au nikichekeshwa ghafla, tone hupita. Nimekwisha zoeana nalo.

Kwa nini basi nimeyaandika haya? Kwa sababu ya rafiki yangu mmoja wa barazani. Alikuwa amepimwa na kukutwa na saratani kama yangu, akakaa nayo kimya mwaka mzima, akikataa upasuaji. Alikuwa amesikia kwamba "ukipasuliwa unakuwa mtoto mchanga," naye akaona bora afe na suruali kavu. Jioni moja, tukiwa tumebaki sisi wawili na buli la kahawa, nilimwambia habari yangu yote, pedi na mkeka na kanzu. Alinitazama kwa muda mrefu. "Wewe?" akauliza. "Wewe unayekaa hapa kila siku?" Nikamwambia, "Mimi, na sasa hivi ninazungumza nawe huku ninabana." Tulicheka hadi kahawa ikapoa. Juma lililofuata nilimsindikiza kwa daktari wake.

Nikafikiri baadaye: ningalinyamaza, aibu yangu ingalimchimbia kaburi mtu mwingine. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi wanaume tumelichukua neno hilo tukawaachia akina mama, kana kwamba sisi hatuna uchi. Ndugu msomaji mwenye ndevu nyeupe, kama u katika hali niliyokuwamo, mwambie mkeo leo, kabla ya taa kuzimwa. Huenda naye ana lake analokungoja. Nanyi vijana, baba yenu akianza kukataa safari, akihama kitanda na kuacha maji ya kunywa, msiseme amekuwa mkorofi wa uzee. Mchukulieni kiti, kaeni naye, na mmwulize kwa adabu. Kisha mfuatane naye hospitali.